Nyegere Mkimbiaji wa Lothagam

Ndugu msomaji, nyegere unamjua. Kama hujamwona kwa macho yako, basi umesikia habari zake kutoka kwa warina asali. Ni yule mnyama mfupi, mweusi tumboni na mweupe mgongoni, anayevunja mizinga usiku na kula asali pamoja na watoto wa nyuki. Ngozi yake ni ngumu, na hamwogopi mtu wala mbwa. Kimo chake begani hakifiki hata sentimeta 30. Miguu ni mifupi, na ya mbele ina kucha ndefu za kuchimbia.

Sasa hebu mfikirie mnyama wa jamii hiyo hiyo, lakini mwenye kimo cha mbuzi wetu wa kienyeji. Miguu yake ni mirefu, na imejengwa kwa kukimbia. Mnyama wa namna hiyo aliishi kweli hapa Kenya, katika nchi ya Turkana, miaka milioni 6 hivi iliyopita. Leo hayupo tena popote duniani. Wala hakuna mtu aliyemwona, maana wakati ule watu kama sisi hawakuwapo bado.

Tulipoleta picha yake ya kuchorwa katika darasa la jioni, mama mmoja mtu mzima aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, kama hakuna aliyemwona, huyu mchoraji alichungulia wapi?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri kuliko somo tulilokuwa tumeandaa. Tulianza kumjibu, taa ikatuzimikia katikati ya maneno. Basi leo tunamjibu hapa gazetini, na wengine wasikie.

Mifupa yenyewe ilitoka wapi?

Ukitoka Lodwar kuelekea upande wa Mto Kerio, kabla ya kufika Ziwa Turkana, kuna vilima vya mawe mekundu viitwavyo Lothagam. Mahali hapo ni pakavu. Jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Mvua ikinyesha, maji hukimbia kwa nguvu na kukwangua udongo, na vitu vilivyokuwa vimefichwa chini hutokeza juu.

Mwaka 1967 mtaalamu mmoja kutoka Marekani, Bryan Patterson, alifanya kazi hapo na kikosi chake. Walipata kipande cha taya la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na tangu hapo jina la Lothagam likajulikana. Baadaye, kati ya mwaka 1989 na 1993, kikosi cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya kikiongozwa na Bi Meave Leakey kilirudi kutafuta tena. Walikusanya mabaki ya wanyama wengi ajabu. Kulikuwa na tembo wa kale, viboko, faru, nguruwe, mamba wakubwa, na farasi ambao kila mguu ulikuwa na vidole vitatu badala ya kwato moja.

Katika hayo yote walimpata mla nyama mmoja ambaye kiunzi chake kilikuwa karibu kizima. Kiunzi maana yake ni mifupa ya mwili ikiwa pamoja, kuanzia kichwa mpaka miguu. Hiyo ni bahati kubwa, wala usiichukulie kwa wepesi. Wewe mfugaji unajua. Ng'ombe akifia porini leo, fisi wanakuja usiku, tai wanakuja asubuhi, na mbwa wanabeba yaliyobaki. Ukipita hapo baada ya mwaka utakuta nini? Labda pembe na kipande cha taya. Kwa sababu hiyo wanyama wengi wa kale tunawajua kwa jino moja au mawili tu.

Ili mfupa udumu, unatakiwa kufunikwa mapema. Mnyama anafia kando ya mto, matope yanamfunika kabla fisi hawajammaliza. Nyama inaoza, mifupa inabaki. Miaka inapita, matope mengine yanalala juu, na maji yanayopenya ardhini yanaingiza madini ndani ya mfupa kidogo kidogo, mpaka mfupa unakuwa mzito kama jiwe. Umbo linabaki lile lile. Mfupa wa namna hiyo huitwa kisukuku, na ikiwa ni mingi tunasema visukuku.

Jina la Kiturkana

Aliyempima na kumwandika mnyama huyu ni mtaalamu wa wanyama walao nyama wa zamani, Bwana Lars Werdelin wa Sweden. Maandishi yake yalitoka mwaka 2003, ndani ya kitabu kikubwa kinachoeleza mambo yaliyopatikana Lothagam. Mtaalamu akitambua mnyama ambaye hajaandikwa bado, humpa majina mawili, kama vile sisi tunavyokuwa na jina la ukoo na jina la mtu mwenyewe. Huyu aliitwa Ekorus ekakeran.

Msomaji Mturkana hapo ameshatabasamu. Ekor ni nyegere kwa Kiturkana, na ekakeran ni mkimbiaji. Kwa hiyo popote atakapotajwa, iwe Nairobi, Uchina au Ujerumani, wasomi wa dunia nzima hawana budi kumtaja kwa maneno ya Kiturkana. Sisi jambo hili lilitufurahisha. Tumezoea kuona majina ya kisayansi yote yakitoka Ulaya.

Alijuaje kuwa ni jamii ya nyegere?

Hapa ndipo swali la yule mama linapoanza kupata jibu.

Jambo la kwanza ni meno. Mla nyama ana magego maalumu ya kukatia, la juu na la chini, yanayopishana kama makali ya mkasi. Ukimtazama mbwa akitafuna mfupa utaona anaupeleka pembeni mwa mdomo. Anautafuta mkasi huo. Basi tazama fuvu la mbwa, kama utalipata. Katika taya la juu, nyuma ya lile gego la kukatia, utahesabu magego mengine mawili. Kwa nyegere na ndugu zake utahesabu moja tu, nalo limelala kwa upana, kuelekea ndani ya kinywa. Ni alama ya ukoo, kama vile watu wa nyumba moja wanavyofanana pua.

Ndugu wa nyegere walio hai ni fisi maji, anayekula samaki na kaa, na kicheche yule mwenye mistari na harufu isiyovumilika. Nguchiro simo tumtajamo, ingawa watu wengi humchanganya na hao. Wala fungo hayumo. Wana koo zao wenyewe.

Uso na meno ya Ekorus vilimweka katika ukoo wa nyegere. Lakini walipofika kwenye miguu, kumbe mambo ni mengine. Mifupa ya miguu ya nyegere ni mifupi na minene, na kiganja ni kipana cha kufukulia. Mifupa ya huyu ilikuwa mirefu, na miguu ilisimama wima chini ya mwili, kama ya chui. Begani alifikia sentimeta 60 hivi. Mwili wake ulikaribia ukubwa wa chui.

Fundi baiskeli akiokota gurudumu barabarani, ataweza kukuambia kama ni la baiskeli ya mizigo au ya mashindano, hata kama mwenyewe hajamwona. Mguu nao ni hivyo hivyo. Mguu mfupi wenye nguvu hufukua. Mguu mrefu hupiga hatua ndefu, na mwenye hatua ndefu huenda mbali kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana Bwana Werdelin akamwita mkimbiaji. Wataalamu wanaona kwamba alifukuza mawindo yake mahali pa wazi, penye nyasi, badala ya kuchimbua mashimo.

Sasa mama, mchoraji alichungulia hapo. Kimo amekitoa kwenye mifupa. Miguu ameitoa kwenye mifupa. Umbo la kichwa vilevile. Lakini ule mgongo mweupe uliouona pichani, hapana. Manyoya hayakubaki, na rangi haikubaki. Mchoraji amemwazima nyegere wa leo koti lake akamvisha babu. Picha za wanyama wa kale zote zina sehemu mbili namna hiyo, iliyopimwa na iliyobuniwa, na mara nyingi hakuna anayemwambia mtazamaji ipi ni ipi.

Miaka milioni 6 ni mingi kiasi gani?

Hesabu hii tuliifanya darasani na watu walishangaa. Tuseme unahesabu miaka kwa mdomo, mwaka mmoja kwa sekunde moja: mmoja, miwili, mitatu. Umri wa mzee wa miaka 60 utaumaliza kwa dakika moja. Ukitaka kufikia miaka milioni 6 itakubidi uhesabu usiku na mchana, bila kula wala kulala, kwa siku 69.

Na wanajuaje kuwa ni milioni 6, si elfu 6? Wanasaidiwa na volkano. Zamani zile milima ya moto ilikuwa ikilipuka katika Bonde la Ufa, na majivu yake yalitanda juu ya matope na mchanga. Ndani ya majivu hayo mna chembe za madini zenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, na mwendo wake wa kugeuka haubadiliki. Moto wa volkano hufukuza hewa ya zamani, kwa hiyo hesabu huanza upya siku ya mlipuko. Ukipima leo hewa iliyokusanyika ndani ya chembe, unajua mlipuko ulitokea lini. Mfupa ukilala katikati ya matabaka mawili ya majivu, umri wake uko kati ya milipuko hiyo miwili. Tabaka la chini ni kuukuu kuliko la juu, kama magunia yaliyopangwa ghalani.

Ikumbukwe kwamba hawapimi mfupa wenyewe. Wanapima majivu ya jirani. Kwa hiyo mfupa usipojulikana ulilala tabaka gani, umri wake haujulikani. Tutarudi kwenye jambo hili, maana sisi wenyewe limetupata.

Nchi aliyoishi

Lothagam ya leo si ile ya Ekorus. Wakati ule ulipita mto mkubwa, wa maji ya taratibu, wenye miti kandokando. Tunajua kwa sababu viboko, mamba, samaki na kasa hawaishi jangwani. Mbali kidogo na mto kulikuwa na nyasi. Na ulikuwa ni wakati ambao nyasi za nchi za joto zilikuwa zinazidi kuenea katika Afrika ya Mashariki. Hata hilo limesomwa kwenye meno. Nyasi hizo huacha alama tofauti na ile ya majani ya miti ndani ya jino la mnyama anayekula, na alama hiyo inapimika hata baada ya mamilioni ya miaka.

Penye nyasi pana wala nyasi, na penye wala nyasi pana anayewafuata. Chui tunayemjua hakuwapo. Mabaki ya kale ya ukoo wa simba na chui kutoka sehemu zetu hizi yanatoka Laetoli, Tanzania, nayo ni ya miaka milioni tatu na nusu hivi. Hata hivyo usidhani Ekorus alikuwa peke yake. Palepale Lothagam alipatikana paka wa kale mwenye kimo kama cha simba jike, na meno ya juu marefu yaliyobapa kama visu. Huyo naye alipewa jina lake mwaka 2003, Lokotunjailurus, jina linalotokana na neno la Kiturkana la paka. Kwa hiyo mkimbiaji wetu alipoua swala, hakuwa na hakika ya kula kwa amani.

Wala si yeye tu aliyekuwa mkubwa katika ukoo ule. Lemudong'o, karibu na Narok, yamepatikana mabaki ya ndugu mwingine mkubwa, Plesiogulo, wa wakati ule ule. Na katika bonde la chini la Mto Omo, Ethiopia, huko maji ya Ziwa Turkana yanakotoka, aliishi baadaye fisi maji mwenye ukubwa wa simba. Wataalamu walimtangaza mwaka 2022 kwa jina la Enhydriodon omoensis. Uzito wake umekadiriwa kuwa kilo 200 na zaidi. Fisi maji wa kilo 200! Mvuvi gani angemfukuza kwenye wavu wake?

Wakubwa hao wote wametoweka. Wataalamu wengine wanasema walishindwa na jamii za paka na mbwa zilizozidi kuenea katika nchi za nyasi, wakawanyang'anya mawindo. Inawezekana. Waliobaki na sisi ni wale wadogo, wenye kazi ambazo paka hazitaki: kufukua mashimo, kuvunja mizinga, kukamata kaa chini ya mawe.

Jino letu

Tuliposoma habari hizi darasani, kijana mmoja mchungaji alisema, "Mimi nimeona mifupa mizito kama hiyo korongoni. Tunaitumia kurushia mbuzi." Wenzake wakamcheka. Sisi hatukucheka. Ilitubidi tuwaambie habari yetu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunatoka kukagua darasa. Tukavuka korongo kwa miguu tukisukuma pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku ule. Tukaona kitu chenye kung'aa kimetokeza ukingoni, tukakichokoa kwa bisibisi. Lilikuwa jino kubwa, zito, la rangi ya kahawia. Tukalifunga ndani ya koti la mvua. Furaha ilituzidi akili. Kwa muda wa miezi lilizunguka madarasani likipita mikononi mwa watu, na siku moja likaanguka sakafuni, likapasuka pande mbili.

Mwishowe tulimwonyesha mtu mwenye ujuzi wa mambo hayo. Aliliangalia dakika moja akasema ni jino la kiboko wa kale. Kisha akauliza, "Mlilitoa wapi?" Tukasema, korongoni. "Korongo lipi? Ukingo upi? Juu au chini ya tabaka la majivu? Kulikuwa na mengine kando yake?" Tukanyamaza. Tulirudi naye mahali pale tukakuta mvua za misimu miwili zimebomoa ukingo wote. Yeye hakutukaripia. Alisema tu kwamba jino lile sasa linaweza kutuambia kuwa zamani palikuwa na kiboko, na zaidi ya hapo halina neno. Pengine kulikuwa na taya zima nyuma yake, pengine kiunzi. Sisi tulichukua jino, mvua ikachukua yaliyosalia.

Fikiri kama mtu wa kwanza kupita Lothagam angefanya kama sisi. Angeondoka na taya la Ekorus mfukoni, na miguu ingesombwa na maji. Tungekuwa na jino la nyegere mkubwa, basi. Neno mkimbiaji lisingekuwapo.

Wako watu waliojifunza kazi hii kwa macho yao, si kwa vyeti. Marehemu Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakwenda zaidi ya shule ya msingi. Mwaka 1960 alianza kazi kama kibarua wa kuchimba huko Olduvai, Tanzania. Mwaka 1984 alikuwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alikuwa akitembea katikati ya kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi moja na kokoto zenyewe. Alikijua, na kikosi kikachimba mahali pale pale, polepole. Ukatoka karibu mwili mzima wa mvulana wa kale wa miaka milioni moja na nusu hivi. Mwaka 1985 alialikwa Marekani na kupewa nishani kwa mkono wa Rais Ronald Reagan.

Yule mchungaji alituuliza afanye nini akiona tena. Tulimjibu hivi: usichokoe. Weka mawe machache kando, si juu yake. Tazama ni ukingo gani, na mti gani uko karibu, uandike katika daftari lako, kwani sasa kuandika unajua. Kisha peleka habari kwa chifu, ili zifike Makumbusho ya Taifa. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 inataka mtu aliyepata kitu kama hicho atoe taarifa, na hairuhusu kukiuza wala kukitoa nje ya nchi kiholela.

Mifupa ya Lothagam imehifadhiwa na Makumbusho. Kila mmoja una alama yake iliyoandikwa kwa wino, herufi ndogo sana: kwanza KNM, halafu LT, halafu namba. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. LT ni Lothagam. Namba inakupeleka kwenye kitabu kinachosema mfupa ulilala wapi na nani walikuwa pamoja nao. Jino letu bado liko kabatini, limeunganishwa kwa gundi. Halina herufi yoyote.